Bomba lenye jina, na wale wanaosema hayo si ya wakimbizi

Leo tuna maneno makali kidogo, mtuvumilie.

Mgeni mmoja alikuja kutembelea chumba chetu cha kompyuta, akauliza tunajifunza nini. Tukamwonyesha skrini nyeusi yenye maandishi meupe, tukamweleza kwamba tunafundishana jinsi programu mbili zinavyoongea ndani ya mashini moja. Akacheka, bila ubaya wowote, akasema hayo ni mambo ya mainjinia, sisi tujifunze kuandika barua na kutengeneza jedwali, ndiyo yatatusaidia. Akapiga picha, akaenda zake.

Hatumchukii. Lakini lile neno limetukaa kooni. Kila kozi ya kompyuta inayokuja hapa inaanza pale pale: hiki ni kipanya, hii ni kibodi, bonyeza hapa, bonyeza pale, chukua cheti. Kuna mwenzetu ana vyeti vitatu vya namna hiyo na mashini ikikwama hajui aanzie wapi. Sisi tunasema hivi: aliyefundishwa vitufe tu, siku vitufe vikihama amerudi mwanzo. Na hatusemi kwa nadharia. Tunasema kwa sababu ya orodha.

Hapa mtu anaishi kwa orodha. Ukikosa jina kwenye orodha umekosa chakula, umekosa nafasi, umekosa miadi. Kila mmoja wetu amewahi kusimama mbele ya meza akaambiwa "jina lako halipo", na anajua tumbo linavyofanya. Basi sisi wenyewe, wa kujitolea, tukamfanyia mtu hivyo hivyo. Siku ya kuandikisha darasa la jioni tulikaa watatu, kila mmoja na kompyuta yake na nakala yake ya jedwali. Jioni tukakusanya kwa flashi. Faili zote tatu zilikuwa na jina moja, ya mwisho ikafuta ya kwanza. Dada mmoja aliyefika saa kumi na mbili asubuhi, wa pili kwenye layini, hakuwemo. Alidhani tumeuza nafasi yake. Tungemwambia nini?

Tulichofanya baada ya hapo ndicho kilichomchekesha mgeni.

Tuanze taratibu. Prosesi ni programu ikiwa kazini. Ukifungua programu moja mara mbili una prosesi mbili, na kila moja ina chumba chake cha kumbukumbu ambacho nyingine haiingii. Ni vizuri hivyo, la sivyo moja ikiharibika ingeharibu na jirani. Lakini sasa zitapeanaje habari? Kwenye Unix na ndugu zake, kama Linux, jibu mojawapo ni bomba. Mtu anaitwa Doug McIlroy, wa maabara ya Bell kule Marekani, aliandika mwaka 1964 kwamba programu ziunganishwe kama watu wanavyounganisha mpira wa kumwagilia bustani: unahitaji kipande kingine, unakifunga hapo. Mwaka 1973 Ken Thompson akaiweka ndani ya Unix. Sisi tunaokwenda bombani na madumu hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Maji yanaingia huku, yanatoka kule, ukizidisha presha mpira unajaa.

Ile alama ya | wengine mmeshaiona. Hilo ni bomba lisilo na jina: linaishi kati ya prosesi zilizoanzishwa pamoja, zikimaliza nalo limekwisha. Bomba lenye jina, lililoingia Unix mwanzoni mwa miaka ya 1980, lina tofauti moja tu, lakini ni kubwa. Linakaa ndani ya folda kama faili, na jina lake. Prosesi yoyote yenye ruhusa inayojua jina hilo inaweza kuja, hata kama imeanzishwa kesho, na mtu mwingine kabisa. Unalitengeneza kwa neno moja:

mkfifo foleni

Ukiandika ls -l utaona herufi p mwanzoni mwa mstari, na ukubwa ni sifuri. Utabaki sifuri siku zote, maana maneno hayalali kwenye diski. Yanapita kwenye kumbukumbu ya kerneli, ule moyo wa mfumo, kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Zile herufi fifo ni kifupi cha Kiingereza, maana yake anayetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Kwa Kiswahili cha hapa tungesema layini isiyo na mjomba.

Jaribuni wenyewe. Fungua dirisha moja la teminali, andika:

cat < foleni

Halafu dirisha la pili:

echo "habari za asubuhi" > foleni

Maneno yanatokea kwenye dirisha la kwanza. Ni hayo tu. Hakuna kulipa, hakuna bando, hakuna kujisajili kwa barua pepe. Amri hiyo ilikuwa ndani ya zile kompyuta kuukuu tangu siku Linux ilipowekwa, ikingoja mtu aiambie fanya kazi.

Ila kuna jambo litawatisha kama lilivyotutisha sisi. Ukiandika ile echo kabla hakuna anayesoma, skrini inaganda. Hakuna jibu, hakuna kosa. Siku ya kwanza tulidhani mashini imekufa, tukaizima kwa kitufe. Kumbe haikufa. Ilikuwa inangoja. Kwa kawaida bomba halifunguki upande mmoja: mwandishi anasubiri msomaji, na msomaji anasubiri mwandishi. Na msomaji akishafunga akaondoka wakati wewe bado unaandika, kerneli inakutumia ishara ya kukuua, kwani unamwagia nani? Mkufunzi wa vitufe angetuambia tuwashe upya. Tungewasha upya mpaka leo.

Sasa kazi yenyewe. Tulichagua mashini moja iliyo nzima kidogo, tukaweka bomba kwenye folda inayoitwa kituo. Kompyuta zingine mbili zinaingia kwenye hiyo moja kwa ssh, kupitia waya, ndani ya chumba, bila intaneti. Hili mlishike: bomba lenye jina haliruki kutoka mashini moja kwenda nyingine. Linaishi ndani ya kerneli moja. Ndiyo maana wote watatu tunaingia nyumba moja kwanza ndipo tunaandika. Mmoja wetu anaendesha msomaji:

touch orodha.txt
n=$(wc -l < orodha.txt)
exec 3<> /srv/kituo/foleni
while read -r mstari <&3; do
n=$((n+1))
echo "$n $(date +%H:%M) $mstari" >> orodha.txt
done

Waandishi ni wengi, msomaji ni mmoja, na namba inatolewa na mtu mmoja. Ile 3<> inafungua bomba pande zote mbili, ili mwandishi wa mwisho akiondoka msomaji asidhani kazi imekwisha. Linux inaikubali, mifumo mingine haijaahidi. Na je, majina mawili yakiingia kwa pamoja yatachanganyika, nusu la huyu na nusu la yule? Hapana, mradi kila jina liandikwe kwa mkupuo mmoja na lisizidi kipimo. Kwenye Linux kipimo ni baiti 4096, na kanuni ya pamoja ya mifumo hii inadai angalau 512. Jina la mtu, la baba yake na namba ya zoni havifiki hata baiti 100, labda kwa wale wenzetu wenye majina sita.

Hapo wajuaji wanatujia. Wa kwanza anasema: kwa nini msitumie fomu ya mtandaoni, ni rahisi, inajipanga yenyewe. Ndugu, bando analipa nani? Mtandao ukikatika mvua ikianza, layini irudi nyumbani? Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba majina haya ni ya watu waliokimbia. Kuna waliokimbia watu wanaowatafuta kwa majina. Na wewe unataka jina la mtu huyo, zoni yake, na saa anazotoka kwenda darasani, vikae kwenye seva ya kampuni usiyojua iko wapi, chini ya akaunti ambayo pasiwedi yake imeandikwa ukutani? Orodha yetu iko kwenye diski moja, ruhusa ya kuisoma ana mtu mmoja, na mlango una kufuli. Si ulinzi wa benki. Lakini tunajua iko wapi.

Wa pili anasema hiki ni kitu cha kizee. Ni kweli ni cha kizee. Kerneli ya Linux imo ndani ya simu ya Android uliyoishika ukisoma hapa, na bomba limo humo. Jembe nalo ni la kizee.

Wa tatu ni wa kwetu, na huyu ndiye anatuuma zaidi. Anasema: hakuna cheti, basi nije kufanya nini? Tunamwelewa. Cheti kinafungua mlango, na sisi milango yetu ni michache. Lakini tumwulize, ulipopata kile cha tatu, nani alikuita kazini? Tumeanza kujifunza kama watu wanaokusanya karatasi za kuonyesha ofisini. Hilo hatukuletewa na mgeni yeyote, tumejifanyia wenyewe.

Hatutaki mtu afikiri tumemaliza. Tumeharibu pia. Siku moja mmoja wetu aliandika folen badala ya foleni. Bomba la jina hilo halikuwepo, basi teminali ikafanya inachofanya siku zote: ikatengeneza faili la kawaida lenye jina folen na kuyahifadhi humo kimya kimya. Majina kumi na moja. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini, na layini ilikuwa inasonga vizuri kabisa. Tuliyakuta jioni, na tunashukuru tuliyakuta. Kesho yake tukaondoa ruhusa ya kuandika kwenye folda yenyewe, tukaacha ruhusa ya kuandika kwenye bomba tu. Sasa ukikosea jina mashini inakukatalia papo hapo. Tukaongeza na jaribio kwenye skripti ya waandishi:

[ -p /srv/kituo/foleni ] || echo "hili si bomba"

Tuambieni, kuna kitufe gani kingetufundisha hilo? Kosa lile tulilielewa kwa sababu tulijua bomba ni nini na faili ni nini.

Kosa lingine tumelizuia, hatujaliondoa. Bomba halitoi risiti. Mwandishi akishaweka maneno ndani anaambiwa sawa, hata kama msomaji hajayachukua. Betri za sola zikizima hapo katikati, kilichokuwa bombani kimepotea, na bomba la Linux kwa kawaida linabeba baiti 65,536, yaani majina mengi sana. Msomaji wetu anachukua haraka, kwa kawaida hakuna kinachongoja ndani. Lakini kwa kawaida si siku zote. Anayetaka kutunza pesa za watu kwa njia hii, asitunze. Kwa hiyo tumeweka skrini moja imegeuzwa kuelekea kwenye layini, inaonyesha tail -f orodha.txt, na mtu haondoki mezani mpaka aone jina lake limetokea pale na namba yake. Akiliona limeandikwa vibaya anasema hapo hapo. Kwetu Bukavu waliosoma Kifaransa, waliosoma Kirundi, waliosoma Kiingereza cha hapa Uganda, kila mmoja anaandika jina lile lile kivyake, kwa hiyo masahihisho hayakosekani.

Basi madai yetu ni haya, kwa wanaoleta kozi. Leteni mafunzo ya barua na jedwali, hatukatai, yana kazi yake. Lakini siku mbili kati ya kumi mtuachie ile skrini nyeusi. Msituwekee mashini zilizofungwa kwa pasiwedi ambayo hata kiongozi wa chumba hana. Msitufute Linux kila mnapokuja "kusafisha" kompyuta, mara mbili imetokea, na mara zote mbili tumeanza upya kwa flashi moja. Na mkitaka kujua tunahitaji nini, ulizeni kabla ya kupiga picha.

Yule dada wa saa kumi na mbili asubuhi tulimpa nafasi darasa lililofuata. Hakutusamehe haraka, na alikuwa na haki. Alikaa nyuma wiki mbili akitutazama, kisha akauliza kwa nini msomaji ni mmoja tu, wakiwa wawili si ingekwenda mbio? Tukajaribu. Wasomaji wawili kwenye bomba moja wanagawana: jina lililochukuliwa na huyu yule halioni, na wakati mwingine mmoja ananyakua kipande katikati ya mstari. Orodha ikawa vurugu. Siku ya kuandikisha ijayo yeye ndiye ataendesha msomaji, peke yake.

Jumamosi tunaanza saa nane mchana, kama jua lipo na betri zimejaa. Mje na daftari. Mwenye kibodi nzima aje nayo, maana ya kompyuta ya tatu herufi p imekufa.