Matairi ya Subaru si ya kubahatisha

Vijana wanaoagiza Subaru Impreza WRX kutoka Japani huulizia nguvu za injini na ngurumo ya ekzosi. Matairi yakiisha, hukimbilia ya mtumba: mawili leo, mawili mwisho wa mwezi. Hapo ndipo wanapojipalia makaa. Gari hili husukumwa na magurudumu yote manne. Tairi jipya na lililolika hayazunguki sawa, hivyo difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika, ikachemka na hatimaye kufa.

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi ainame asome ubavu wa tairi. 225/45R17 94W maana yake ni upana wa milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17, mzigo wa hadi kilo 670 na kasi isiyozidi kilomita 270 kwa saa. Kisha atafute tarakimu nne zinazofunga mstari wa DOT: 2318 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata stoo, na dawa nyeusi ya kung'arishia haiurudishii ujana, hata muuzaji aape vipi.

Magari mengine huja yamevalishwa matairi ya theluji. Kwenye lami ya moto ya Mombasa au Dar es Salaam, mpira huo laini hulika upesi na gari huyumba konani.

Asiyemudu kununua manne kwa mpigo, aahirishe kwanza hiyo ekzosi.