Senema ya Hatari! na Muziki Wake



Nataka niwajibu wenzangu wanaosema kuwa senema ya Hatari! haifai kuonyeshwa hapa shuleni mwisho wa muhula. Sababu zao ni mbili: ati ni ya kizamani, na ati inatudharau sisi wenye nchi.

Uzee wake sibishi. Bwana Howard Hawks, Mmarekani, alianza kuipiga Tanganyika mwaka 1960, zaidi pande za Momella karibu na Mlima Meru, na ilipotoka mwaka 1962 nchi ilikuwa imekwisha kupata uhuru. Lakini uzee huo ndio utamu wake. Siku hizi mnyama wa senema huchorwa kwa kompyuta. Kifaru wa Hatari! ni kifaru kweli, na yule aliyeketi mbele ya gari akimwinda kwa kitanzi ni John Wayne mwenyewe. Hawks hakuweza kuandika hadithi yote mapema, maana kifaru hafundishwi maneno ya kusema; walikimbiza wanyama kwanza, hadithi ikafuata nyuma. Kwa hiyo ukiitazama unaona na jinsi senema inavyotengenezwa. Hata ndani yake mna mwanamke mpiga picha, Dallas, aliyetumwa kuipiga picha kazi hiyo hiyo.

Lakini kilichonishika mimi ni muziki. Mtungaji ni Henry Mancini, ambaye Hawks alimpa ala alizotoka nazo Afrika, marimba ya mkono ikiwamo. Basi palikuwa na kipande cha ndovu watoto wakimfuata Dallas kwenda kuoga, na Hawks hakujua akifanyie nini. Mancini akatazama matako yao yanavyotikisika, akatunga wimbo wa klarineti na kinanda cha sarakasi. Hauna neno hata moja, lakini hutaweza kuusikia usicheke. Mwaka 1963 ulipata tuzo ya Grammy. Sisi wa Mwembesongo hatuna haja ya kuelezwa jambo hili: Morogoro ni mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, na gitaa la Mbaraka lilikuwa likisema kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Juu ya dharau, wenzangu wana haki yao. Watu wa Tanganyika wamo karibu katika kila mbio, juu ya magari, mikononi kamba, vumbi hadi machoni. Lakini mtazamaji huondoka anayajua majina ya wageni tu. Jambo hilo linaniuma mimi pia, wala sitaki mtu anyamazishwe kwa kulisema. Ila kuificha senema hakutawapa watu wale majina. Ikionyeshwa, nyuso zao tutaziona, na baina ya wazazi waliotoka Arusha huenda akapatikana mmoja wa kusema, "Huyu ni babu yangu." Nani atalisema hilo mbele ya kitambaa cheupe kisicho na picha?

Nawaomba walimu wetu jambo moja tu. Senema hii ni ya dakika 157. Ianze mapema, saa 1 jioni, la sivyo kengele ya kulala italia ndovu hawajafika mjini Arusha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne