Mwani umetupa somo: asiyeendelea kujifunza, soko humwacha

Inapotajwa biashara ya teknolojia hapa Unguja, wengi hufikiria vijana wenye kompyuta katika ofisi za Mji Mkongwe au Fumba. Ni nadra mtu kumfikiria mama wa Paje au Jambiani anayeshuka pwani maji yakitoka, kwenda kukagua mwani wake.

Sisi tunasema mama huyo alitakiwa kufikiriwa mwanzo. Kazi yake ililetwa hapa kama teknolojia mpya, na mazao yake karibu yote huuzwa ng'ambo. Yaliyomfika yanamhusu kila mkulima na mfanyabiashara mdogo anayetaka kufanya biashara na dunia.

Utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio uliofungua njia. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Vijiti vilichomekwa mchangani, kamba zikafungwa kati yake, na mbegu zikaning'inizwa kwenye kamba. Mtaji ulikuwa mdogo na kazi ilifundishika kwa siku chache, ndiyo maana wanawake waliishika. Hadi leo ni takriban wanane katika kila wakulima kumi.

Mwani mkavu husafirishwa hadi viwanda vya Asia, Ulaya na Marekani, ambako hukamuliwa karajinani, kitu kinachotumika kuzidisha uzito wa dawa ya meno, aiskrimu, vipodozi na vyakula vya makopo. Bei hupangwa huko. Mkulima huambiwa tu na wakala anayekuja na mizani.

Kwa miaka mingi somo liliishia hapo. Bahari, kwa upande wake, haikusimama. Maji ya kina kifupi yamekuwa yakipata joto, na kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, ukawa unakufa mashambani. Uliobaki kwa wingi ni spinosamu, ambao ni mvumilivu zaidi lakini bei yake ni ndogo. Mkulima akajikuta anafanya kazi ile ile, jua lile lile, kwa fedha pungufu.

Hapo ndipo thamani ya kuendelea kujifunza ilipoonekana. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani, chini ya uongozi wa Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Wakulima walifundishwa kusaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni. Kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti ni miongoni mwa vilivyoshika kazi hiyo. Katika miaka ya 2010 zikajaribiwa nyavu za mirija zinazowekwa kwenye maji ya kina, ambako joto ni dogo na kotonii inaweza kuota tena.

Hata hivyo, tusidanganyane. Sabuni hutumia mwani kidogo mno ukilinganisha na tani zinazoondoka bandarini, hivyo bei ya mwani mkavu bado ndiyo riziki ya wengi. Nayo maji ya kina yanataka chombo na kujua kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi wa pwani hawakupewa nafasi ya kuyapata. Teknolojia ikihamia kwenye kina kirefu bila wao kuandaliwa, kazi waliyoijenga kwa zaidi ya miaka 30 itachukuliwa na wenye vyombo.

Visiwa hivi vimewahi kuchapwa na fimbo hiyo. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya viwanda vyake vya sigara, ilipanda mikarafuu yake, na katika miaka ya 1980 haikuwa na haja kubwa ya kuagiza. Bei iliporomoka, na sisi hatukuwa na kitu kingine cha kuuza.

Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar, ili kuvutia kampuni za teknolojia kuja kufanyia kazi zao hapa. Ni jambo jema. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Faida ya ujio huo tutaipima pale mkulima wa Bwejuu atakapoweza kuona kwenye simu yake bei ya mwani ng'ambo kabla wakala hajafika, na mtengeneza sabuni wa Kidoti atakapopata oda kutoka nje bila kupitia watu watatu.

Tunaishauri Serikali na vyuo vyetu wafanye mafunzo ya wakulima kuwa kazi ya kudumu yenye bajeti yake, badala ya semina zinazokufa mfadhili anapoondoka. Kuogelea na kuendesha chombo kuwe sehemu ya mafunzo hayo.

Kwa vikundi, tunasema wekeni akiba ndogo kila msimu kwa ajili ya kujifunza. Mpelekeni mmoja wenu akajue hesabu za gharama, ufungashaji, na masharti ya Taasisi ya Viwango Zanzibar, kisha arudi awafundishe wenzake. Mnunuzi wa ng'ambo hununua bidhaa ambayo ubora wake leo na mwakani ni ule ule.

Wala si lazima kuanzia mbali. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nje. Soko la dunia linalala katika hoteli za Paje na Nungwi, na linatembea Darajani kila siku. Atakayejifunza kumridhisha mteja huyo akiwa hapa, atakuwa na la kumuuzia akirudi kwao.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama wa mwani ameinama miaka mingi. Sasa apewe elimu, chombo na taarifa za bei, ili anachokiokota kiwe na thamani ya jasho lake.