Kiseke inahitaji askari, si jengo tu

Mwaka 2012 Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza, ilikuwa na watu 343,001. Sensa ya 2022 ikakuta 509,687. Ongezeko hilo linaonekana wazi katika kata ya Kiseke: ukishapita nyumba za PPF, misingi mipya inachimbwa, na kuta ambazo hazijapigwa lipu tayari zina familia ndani.

Usiku, mitaa kama hii hutegemea vijana wa ulinzi shirikishi, wenye filimbi, tochi na rungu, wanaolipwa kwa mchango wa kila kaya. Mchango ukisuasua, doria nayo inalegea. Tunawaheshimu vijana hao. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wananchi vilivyowatangulia, walizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini mwenye rungu hafungui jalada wala hapelelezi. Akimkamata mtuhumiwa na askari yuko mbali, umati wenye hasira hufika kabla ya gari la polisi, na mtu huuawa kwa kuitiwa mwizi tu. Hilo hatulikubali.

Askari hao manispaa haiwezi kuwaajiri yenyewe, kwa kuwa Jeshi la Polisi nchini ni moja. Manispaa inaweza kusaidia ujenzi wa kituo, wananchi wakasomba mawe na mchanga, lakini askari wa kukaa kaunta hutoka kwenye bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, baada ya mafunzo yake Moshi. Kuwa na mkaguzi wa polisi wa kata ni hatua nzuri, ila mtu mmoja hawezi kukesha kila usiku.

Tunataka askari wa ajira mpya wagawanywe kwa kufuata sensa, na kata zinazokua haraka zitangulie. Ajira hizo ziende pamoja na nyumba za askari. Konstebo anayepanga chumba uani, akichota maji bomba moja na ndugu wa mtu aliyemkamata jana, tunamwonea.

Bajeti ya wizara hiyo hupita bungeni Dodoma kila mwaka. Wabunge wetu wa Mwanza, msiiunge mkono kabla hamjajibiwa: askari wapya wangapi wanakuja Ilemela, na wangapi kati yao watapangiwa Kiseke? Tunaomba jibu la idadi, na mlilete kwenye mikutano ya mitaa.