Kabla ya kujenga banda la gari, pima uwanja wa watoto

Msomaji wetu mmoja wa Kibaha, mama wa watoto watatu, ameniletea ujumbe mrefu. Yeye na mumewe wana kiwanja cha mita 20 kwa 20. Nyumba yao imefika kwenye linta, na sasa ndani hapakaliki kwa sababu ya banda la gari. Baba anataka chumba cha magari mawili mbele ya nyumba, chenye kuta na mlango wa chuma. Mama anasema gari walilonalo ni moja, Noah, na hapo mbele ndipo watoto watakapochezea. Fundi yuko upande wa baba na anataka kuchimba msingi Jumatatu.

Mpenzi msomaji, nimeamua kumjibu hapa hapa ukurasani kwa sababu ubishi huu upo kwenye nyumba nyingi zinazojengwa sasa. Gari likinunuliwa, kila mtu anataka lilale pazuri. Lakini banda la gari ni kitu kizito. Likishasimama halihamishiki, na nafasi linayokula hairudi.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mtaani kwetu ukisema gereji, watu wanafikiria kwa makenika. Kwa hiyo hapa nitasema kivuli cha gari nikiwa na maana ya nguzo na bati bila kuta, na chumba cha gari nikiwa na maana ya chenye kuta na mlango.

Unaogopa nini?

Kabla ya kuuliza ukubwa, kaeni baba na mama mjiulize gari mnalikinga na nini. Kama ni jua na mvua, kivuli kinatosha kabisa. Jua ndilo linaloharibu rangi, dashibodi na viti, na bati linalizuia sawasawa na ukuta. Kama ni wizi wa vioo, taa na redio, angalieni kwanza uzio, geti na taa ya nje, maana mwizi aliyekwisha ruka ukuta wa uzio yuko ndani tayari. Chumba cha gari kinaleta maana zaidi pale ambapo uzio bado haujajengwa na hautajengwa karibuni, au pale ambapo chombo chenyewe kinabebeka.

Hapo nawasemea wenye pikipiki na bajaji. Pikipiki inasukumwa na mtu mmoja na kuondoka kimya kimya. Familia inayoishi kwa bodaboda inahitaji chumba kidogo chenye kufuli kuliko yenye Noah. Bajaji ina urefu wa karibu mita 2.6 na upana wa mita 1.3, kwa hiyo chumba cha mita 2.2 kwa 3.5 kinaitosha na bado unazunguka kuifuta.

Wa mwambao, Tanga, Bagamoyo na kwingineko, wana adui wa ziada, hewa ya chumvi. Chumba kisichopitisha upepo huko kinafungia unyevu ndani na kutu inakula gari taratibu. Mkijenga chumba, wekeni matundu ya hewa chini na juu. Wa Makambako na sehemu zenye upepo mkali wafunge bati kwa nguvu na wachimbie nguzo kwenye zege, kwa sababu kivuli kisichoshikwa vizuri huinuliwa kama mwavuli.

Vipimo visitoke kichwani

Mafundi wengi watakwambia mita 3 kwa 5 zinatosha gari moja. Gari litaingia, ni kweli. Swali ni kama mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa sokoni mkononi ataweza kushuka.

Chukueni Noah ya msomaji wetu. Ina urefu wa kama mita 4.6, upana wa mita 1.7 na kimo cha kama mita 1.85. Mlango wa dereva unahitaji sentimita 90 ili mtu mzima ashuke bila kujikunja, na upande wa pili vilevile. Ukijumlisha unapata upana wa mita 3.5. Mbele acha nusu mita ya kupita, nyuma acha kama sentimita 90 za kufungua mlango wa mizigo na kusimama. Unapata urefu wa mita 6. Juu, mlango wa nyuma ukiinuka unapita kimo cha gari lenyewe, kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya paa isipungue mita 2.4. Mwenye Hiace, au mwenye keria juu, aweke mita 2.7.

Mwenye Passo au IST anaweza kuridhika na mita 3.2 kwa 5. Lakini fikirieni miaka kumi mbele. Watoto wawili wakiwa wanne, gari dogo hubadilishwa, na banda halikui. Ndiyo maana kwa gari moja napendekeza mita 3.5 kwa 6 kwa kila familia yenye nafasi hiyo. Kwa magari mawili ni mita 6 kwa 6.

Jaribio la bure ni hili. Pigeni mambo nne ardhini, fungeni kamba kwa vipimo mnavyotaka, kisha ingizeni gari katikati. Fungueni milango yote pamoja na buti. Mshusheni mtoto aliyelala. Toeni gunia la mchele. Bibi naye ashuke. Mkigusa kamba, banda ni dogo. Kama gari bado halijanunuliwa, muombeni jirani alete lake kwa dakika kumi.

Hesabu ya kiwanja

Sasa turudi Kibaha. Kwa mujibu wa maelezo yake, nyumba ina upana wa mita 12 na kina cha mita 11. Nyuma wameacha mita 2, kwa hiyo mbele zimebaki mita 7 mpaka kwenye uzio. Ubavuni upande mmoja kuna mita 2 na mwingine mita 6, ambako karo la maji taka limechimbwa nyuma kabisa.

Chumba cha baba, mita 6 kwa 6, kikikaa mbele, kinabakisha mita 1 kati ya mlango wake na uzio. Maana yake gari halitakuwa na mahali pa kusimama ndani ya geti. Dereva ataliacha barabarani, ashuke, afungue geti, afungue chumba, arudi. Usiku, watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma, huo ndio wakati ambao hakuna mzazi anayetaka gari lake lisimame nje.

Kikihamishiwa ubavuni, kinajaza mita zote 6 za upana. Gari la kunyonya maji taka likija, mpira utapita wapi kwenda kwenye karo?

Kivuli cha mita 3.5 kwa 6 kikikaa ubavuni upande wa uzio, na geti likanyooka nacho, mambo yanabadilika. Gari linaingia moja kwa moja bila kukata kona. Inabaki njia ya mita 2.5 kuelekea kwenye karo. Na mbele ya nyumba, ukishatoa njia ya gari ya mita 4, watoto wanabaki na uwanja wa mita 16 kwa 7, yaani mita za mraba 112. Hapo panatosha mpira, kamba, bustani ya mchicha, na hata maturubai siku ya shughuli. Kabla ya kusimamisha nguzo karibu na mpaka, ulizeni halmashauri masharti ya umbali na kibali, na mwambieni jirani.

Gharama pia zinasema. Kuta tatu za chumba cha mita 6 kwa 6, kwa kimo cha mita 2.7, zinakula kiasi cha tofali 450 kabla hujagusa msingi, linta, plasta, paa na ule mlango mkubwa. Msomaji wetu anasema nyumba yenyewe bado haina madirisha. Sioni sababu ya gari kupata mlango kabla ya watoto kupata madirisha.

Kwa hiyo, dada yangu, kwa kiwanja hiki na kwa sasa, uko sahihi. Lakini usiende kumtangazia shemeji ushindi. Hoja yake nayo ina uzito. Anaona mbali, kwamba siku moja litakuja gari la pili, au wakati mgumu utakaodai chumba cha kupangisha. Mwambie fundi aweke nguzo imara zilizochimbiwa, na sakafu ya zege ya inchi 4, ili siku fedha zikipatikana kuta zipandishwe bila kubomoa. Gari la pili likija, litalala kwenye ile njia ya mita 4, nyuma ya la kwanza. Mumpe baba heshima ya kuchagua bati na kusimamia kazi. Nyumba inajengwa na wawili.

Wenye kiwanja kikubwa, au wanaofuga biashara ya magari mawili matatu, hesabu yao ni nyingine. Hao wajenge chumba kilichojitenga na nyumba. Anayelazimika kukiunganisha na nyumba ahakikishe sakafu ya gari iko chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 10 hadi 15, ili mafuta yaliyomwagika na mvuke wake visiteremkie sebuleni. Sakafu yote iteremke kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita, masika yasije yakaifanya bwawa.

Banda na usalama wa watoto

Hapa ndipo nataka wazazi wasome polepole.

Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaua mtu akiwa amelala. Usiwashe gari ndani ya chumba kilichofungwa hata kwa kulipasha moto tu. Jenereta isiwashwe ndani ya chumba cha gari hata mlango ukiwa wazi, na kivuli kisikae chini ya dirisha la chumba cha kulala. Wa mikoa ya baridi, jiko la mkaa linatoa hewa hiyo hiyo. Mkiona watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, kisha wahini hospitali.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni mpaka ukute moto. Kwa hiyo mtungi wa gesi, jiko na kidumu cha petroli visikae banda moja. Na kamwe petroli au mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Maji ya betri yanaunguza, na ile dawa ya rejeta ina ladha tamu na ni sumu. Kabati la vitu hivyo liwe juu ya kimo cha mtu mzima, na liwe na kufuli.

Geti la kusukuma lina uzito wa kumlalia mtu mzima, sembuse mtoto. Liwe na vizuizi vya chuma mwisho wa reli pande zote mbili, na vishikio vya juu. Fundi asilipwe malizio mpaka umeviona kwa macho yako. Watoto wakatazwe kulibembea.

Gari likiwa bandani, lifungwe na funguo zitundikwe juu. Watoto wanapenda kucheza udereva, na gari lililofungwa vioo juani linaweza kupanda joto kwa nyuzi 10 ndani ya dakika 10. Mtoto mdogo akijifungia humo hawezi kujitoa.

La mwisho ni kurudi nyuma. Dereva wa Noah au Prado hamuoni mtoto aliyechuchumaa nyuma ya gari. Tenganisheni njia ya gari na uwanja wa kuchezea kwa ukuta wa tofali mbili, michongoma au hata matairi yaliyopangwa na kupandwa maua. Kisha wekeni sheria moja nyumbani. Kabla dereva hajawasha gari, mtu mzima aliyebaki anahesabu watoto kwa sauti, na wote wanasimama barazani mpaka geti lifungwe. Baba ndiye aanze kuifuata, hata akiwa amechelewa kazini.

Jumatatu, fundi akifika, mpeni kwanza kamba na mambo.

Wiki ijayo tutazungumzia tangi la maji la ardhini na mfuniko wake. Tukutane hapa hapa.