Mipini ya Mkaratusi: Tusilaumu Mti

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi nimesikia maneno mengi juu ya mipini ya nyundo na sururu tunayopewa kazini. Wengi wanasema ya kwamba mkaratusi, yaani blugamu, haufai kukerezwa kabisa, na ya kwamba chama kidai mipini ya mti mwingine. Mimi ni mtu wa genge la njia, na nyumbani kwangu Isinya nina mashini ndogo ya kukereza miguu ya viti. Naona ya kwamba tukidai hivyo tutakuwa tumekosea.

Kwanza nikumbushe lililotupata. Mpini mpya ulitiwa katika nyundo, na baada ya wiki mbili za jua kali kichwa kilichomoka kikampiga mwenzetu mguuni. Alilala siku nyingi bila kazi. Tulipoutazama mpini ule tuliona umesinyaa hata unacheza ndani ya tundu. Ulikuwa umekerezwa mbichi. Aliyeuuza alitaka fedha upesi, na aliyeununua alitazama bei tu.

Hatari hii ni ya zamani. Hata katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 19, imetajwa habari ya mtu aliyekwenda msituni na mwenziwe kukata miti, chuma kikatoka katika mpini kikamwua mwenziwe. Musa aliona jambo hilo lastahili sheria. Je, sisi hatuoni?

Sasa juu ya mti wenyewe. Mkaratusi na reli ni ndugu wa zamani. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili upatikane mti wa kuni za magarimoshi, kwa sababu unakua upesi. Kwao asili ni Australia, na huko kuna aina zaidi ya 700. Aina mojawapo ya jamii hiyo, yenye madoa kwenye gome, husifiwa sana huko kwa mipini ya shoka na nyundo. Basi mtu asiseme jamii nzima haifai.

Lakini ni kweli mti huu una tabia yake. Ukiwa umesimama, nyuzi zake zimejivuta kwa nguvu, na ukikatwa tu gogo hupasuka miishoni. Ukikauka husinyaa sana na kujikunja. Moyo wake wa katikati ni dhaifu. Tena mara nyingi nyuzi zake zimejisokota, na mpini wenye nyuzi zinazokwenda upande huvunjika kwa mshazari. Zile nguzo changa zinazoletwa na malori ni nzuri kwa kujengea, lakini msizitafutie mipini.

Fundi ajuaye kazi hufanya hivi. Huchagua mti uliokomaa. Hupasua gogo kwa kabari badala ya kulikata kwa msumeno, maana ufa hufuata nyuzi. Moyo huutupa. Siku ile ile hupaka nta au rangi miishoni ili maji yasitoke kwa haraka. Kisha hukereza mara ya kwanza akiuacha mpini mnene, na kuuweka kivulini, juu ya vijiti, mbali na upepo. Kila wiki huupima kwa mizani. Uzito ukikoma kupungua, ndipo hukereza mara ya pili kwa patasi kali. Kazi hii ni ya miezi, wala haina njia ya mkato. Bakuli likikerezwa bichi na kujikunja kidogo halimdhuru mtu. Mpini ukisinyaa unaweza kuua.

Wengine wanasema tutumie oloirien, mzeituni wa porini, ambao jirani zetu Wamaasai hufanyia rungu. Ni mti bora, nakubali. Lakini hukua polepole sana. Tukidai magenge yote yapewe mipini ya mzeituni, vilima vya Kajiado vitabaki mawe matupu, na wazee watatuuliza sisi. Wala sisemi tupande mikaratusi kila mahali. Mti huu hunywa maji mengi, na mwaka 2009 serikali iliamuru uondolewe kando ya mito. Isinya ni nchi kavu. Mti ununuliwe kule unakostawi. Hapa tuukaushe na kuukereza, kwa maana jua tunalo na vijana wasio na kazi tunao.

Basi nashauri chama kidai mambo matatu. Kwanza, kila mpini upokelewe ukiwa mkavu, upimwe kwa mizani, na usiokauka urudishwe. Pili, mnyapara na mtu mmoja wa genge watazame nyuzi za kila mpini kabla haujatiwa katika chuma. Tatu, mtu akiumizwa kwa mpini mbovu ihesabiwe ni ajali ya kazi, wala asiambiwe kwamba alishika vibaya.

Tukidai mti mwingine, watatuletea mti mwingine uliokerezwa mbichi, na vichwa vya nyundo vitaendelea kuruka. Ndugu zangu, tudai kitu kilicho sawa.

Wenu katika umoja,
Mtu wa Genge, Isinya