Kipimo Sahihi cha Mahali Palipokisiwa



Ndugu wapendwa, juma hili tunatoka kidogo katika mazoea yetu. Hatuanzi na masomo ya Dominika, bali na mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona. Kijana mmoja wa parokia yetu asomaye Marekani alikuwa nyumbani likizo, na baada ya Misa ya pili alitusimulia kwa furaha jinsi mashine zilivyomaliza ubishi katika futiboli ya nchi ile. "Padre," alisema, "sasa hakuna tena kuonewa. Kamera zinapima mpaka sentimita." Tulimsikiliza, tukamwuliza maswali, tukasoma tulichoweza kusoma. Leo twamjibu hadharani, kwa upendo lakini bila kuficha: kijana wetu amedanganyika, wala hakudanganyika peke yake.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 na ushei. Ikizifikisha, hupewa nafasi 4 nyingine. Isipozifikisha, mpira huenda kwa wapinzani. Kila mara mchezaji mwenye mpira anapoangushwa, mchezo husimama, na waamuzi huuweka mpira pale wanapoamini kwamba ulifika. Tulitilie mkazo neno hilo: wanapoamini. Mwamuzi hukimbia kutoka pembeni mwa uwanja, macho yake yakiwa kwenye rundo la watu wenye miili mikubwa waliolaliana, naye husimamisha mguu wake mahali anapokisia kwamba mpira ulikuwapo wakati goti la mchezaji lilipogusa chini, au mwendo wake ulipozuiwa. Mpira huwekwa usawa wa mguu huo. Ni baada ya hapo tu, iwapo kuna shaka, ndipo kipimo huletwa.

Kwa miongo mingi kipimo hicho kilikuwa mnyororo wa yadi 10 uliofungwa kwenye nguzo 2. Tangu msimu wa 2025, ligi kuu ya mchezo huo, NFL, inatumia mfumo wa Hawk-Eye wa kampuni ya Sony, wenye kamera 6 za kiwango cha 8K katika uwanja. Kamera hutazama mpira ulipowekwa, kompyuta hukokotoa umbali, na picha ya matokeo huonyeshwa kwa watazamaji. Kazi yote huchukua kama sekunde 30, na ligi ilisema kwamba huokoa hadi sekunde 40 kuliko mnyororo. Mnyororo nao haukutupwa. Umebaki kama akiba.

Hatuna ugomvi na kamera hizo. Kuokoa muda ni jambo jema. Ugomvi wetu ni na jina ambalo watu wameipa kazi hiyo, yaani haki. Kamera hupima umbali kuanzia mahali mpira ulipowekwa. Haisemi kama mpira uliwekwa mahali pake. Mahali bado ni pa mguu wa mwamuzi. Ligi yenyewe ilisema wazi kwamba kuweka mpira kutabaki mikononi mwa waamuzi. Wanaoisifu mashine ndio wasiotaka kulisikia neno hilo. Tumfikirie fundi aliyesimika kigingi cha kwanza gizani, kisha kulipokucha akaleta futi ya chuma ya bei kubwa, akapima ukuta kuanzia kigingi kile. Vipimo vyake vyote vitakuwa sahihi, na nyumba itakuwa imejengwa kwenye kiwanja cha jirani.

Tutazame usiku wa tarehe 26 Januari 2025, mjini Kansas City, katika mchezo wa kuamua nani aende fainali ya Super Bowl. Mwanzoni mwa robo ya nne, Buffalo Bills walikuwa wakiongoza 22 kwa 21. Walikuwa katika nafasi yao ya nne, wakihitaji yadi moja isiyotimia. Josh Allen, aongozaye mashambulizi yao, akajitosa na mpira katikati ya rundo. Waamuzi 2 wakaja kutoka pande 2 za uwanja, na hawakulingana mahali. Pakachaguliwa pale pafupi. Picha za marudio zikatazamwa, na uamuzi ukaachwa kama ulivyo kwa kukosa ushahidi wa wazi wa kuutengua. Gene Steratore, mwamuzi mstaafu aliyekuwa akichambua kwenye televisheni, alisema kwamba yeye aliona Allen amefika. Mpira ukaenda kwa Kansas City Chiefs, nao wakafunga katika shambulio hilohilo. Kwa haki tuseme pia kwamba Buffalo walisawazisha baadaye, 29 kwa 29. Mchezo haukuamuliwa na tukio hilo peke yake. Lakini mwisho ulikuwa 32 kwa 29, na watu wa Buffalo wamebaki na donda.

Sasa twauliza: kama kamera zile 6 zingekuwa zikitumika usiku ule, zingefanya nini? Zingepima. Zingeutangazia ulimwengu kwamba Allen amepungukiwa na sentimita kadha wa kadha, zikihesabu kuanzia mahali palepale palipokuwa kiini cha ubishi. Kosa, kama lilikuwa kosa, lingebaki vilevile, ila sasa limevaa joho la hakimu. Jana aliyeonewa aliweza kusema, "Mwamuzi amekosea." Leo ataambiwa, "Nyamaza, kompyuta imepima." Huko si kuondoa dhuluma. Huko ni kumwondolea aliyedhulumiwa kinywa.

Steratore huyohuyo anatukumbusha kisa kingine. Tarehe 17 Desemba 2017 alikuwa mwamuzi mkuu katika mchezo wa Dallas Cowboys na Oakland Raiders. Mnyororo ulipovutwa, ncha ya mpira na nguzo zilikuwa karibu kugusana. Akatoa karatasi, akaikunja, akaishusha kati ya mpira na nguzo, kisha akawapa Dallas haki ya kuendelea. Watu walicheka sana, na wengi walidai mashine iletwe upesi. Nasi twasema: karatasi ile na kamera za 8K hazitofautiani katika kiini. Zote mbili hupima kwa unene wa karatasi kitu ambacho huenda kiliwekwa kwa kosa la upana wa kiganja. Tena karatasi ilikuwa na heri moja: hakuna aliyeiamini kupita kiasi.

Watatujibu, "Basi mashine na iweke mpira pia." Tungefurahi. Lakini tusilipunguze jambo. Tangu 2017 mipira ya ligi ile ina kitambuzi kidogo cha kielektroniki ndani yake, na bado haijatosha. Kujua mpira uko wapi ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni kujua ulikuwa wapi nukta ileile goti lilipogusa nyasi, na goti limefunikwa na miili. Katika tenisi mpira huruka peupe, ndiyo maana mashindano ya Wimbledon yaliweza mwaka 2025 kuwaondoa waamuzi wa mistari na kuiachia mashine. Hata huko, tarehe 6 Julai 2025, mfumo ulizimwa kwa bahati mbaya katika sehemu ya uwanja mmoja; mpira ukatoka nje na mashine ikanyamaza, na waandaaji wakalazimika kuomba radhi. Nyuma ya kila mashine yuko mtu. Ugumu wa kazi ni sababu ya kusema ukweli juu ya kile tusichoweza bado. Hauwi kamwe sababu ya kukifunika kwa picha za kupendeza.

Wengine, hata baadhi ya mapadre wenzetu, watatujibu kwa upande wa pili: "Acheni makosa ya kibinadamu yabaki, yanatufundisha kusameheana." Nao wana mfano mzuri, kutoka katika mchezo wa besiboli. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, Armando Galarraga alibakiza mpinzani mmoja tu kukamilisha mchezo mkamilifu, jambo adimu mno. Mwamuzi Jim Joyce akakosea, na sifa hiyo ikapotea. Joyce alipoziona picha hakujitetea. Alikiri hadharani kwamba amekosa, akaomba radhi. Kesho yake Galarraga alimkabidhi yeye mwenyewe karatasi ya majina ya wachezaji, na Joyce akalia mbele ya umati. Tunakipenda kisa hicho. Lakini Kanisa halijafundisha kamwe kwamba msamaha unafuta wajibu wa kurekebisha. Katika Sakramenti ya Kitubio mwizi husamehewa, naye huambiwa arudishe alichoiba. Besiboli yenyewe ililielewa hilo: tangu 2014 maamuzi ya namna ile yanaweza kuangaliwa upya kwa picha. Msamaha ulitangulia, marekebisho yakafuata, na kimoja hakikumeza kingine.

Zaidi ya hayo, tuangalie ni nini kilichouwezesha msamaha ule. Alikuwapo mtu aliyesema, "Ni mimi, nimekosa." Kamera haiwezi kusema hivyo. Na mwamuzi anayejificha nyuma ya kamera hatasema pia, maana hatajua tena kwamba kosa ni lake.

Wapo watakaosema, "Padre, huu ni mchezo tu." La hasha! Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa imeyazuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo. Tangu hapo mishahara ya watu wengi imewekwa juu ya yadi moja. Vijana wetu wanaobeti mitaani wanajua vizuri mpira mmoja unaweza kuondoka na ada ya mtoto. Penye fedha kiasi hicho, anayedai usahihi asiokuwa nao anabeba dhambi nzito kuliko anayekosea.

Nasi tusijifanye watakatifu. Tunalo la kuungama. Parokia yetu ilipopata kompyuta, orodha za mchango wa ujenzi zilianza kuchapwa humo: jina la kaya, kiasi kilichopangwa, kilicholipwa, na salio mpaka shilingi ya mwisho. Tulijivunia sana, tukaibandika orodha kwenye ubao wa matangazo. Lilikuwamo jina la bibi mmoja mjane. Salio lake lilikuwa sahihi kabisa; kompyuta haikukosea kutoa. Lakini kiasi chenyewe kilipangwa na mtu aliyepita njiani, akaona bati jipya, akaandika. Bati lile lililetwa na mwanawe, na mwana huyo tulikuwa tumekwisha kumzika. Hatukuwauliza hata wanajumuiya wenzake. Bibi alikuja ofisini na noti zilizofungwa kwenye ncha ya kanga, akasema, "Baba, kompyuta inasema nadaiwa. Mimi ni nani niibishie?"

Tuliona aibu ambayo haijatutoka hadi leo. Tuliibandua orodha, tukamwomba radhi, na makadirio yakarudishwa kwenye jumuiya, ambako watu wanajuana. Lakini neno lake limebaki: mimi ni nani niibishie? Ndilo neno ambalo mashine iliyosifiwa kupita kazi yake huliweka kinywani mwa mnyonge, awe Buffalo, awe kwetu. Tumezoea kudhani kwamba mizani ya hila ni ile yenye jiwe lililopunguzwa. Ipo na nyingine, ambayo jiwe lake ni zima, sindano yake imesimama sawasawa, na kilichowekwa juu yake kilikisiwa.

Kwa hiyo twadai mambo 3, kwa waendeshaji wa mchezo ule na kwetu sisi wenyewe. Kwanza, kila kipimo kinapoonyeshwa, isemwe waziwazi kwamba mahali pa kuanzia paliamuliwa na jicho la mtu. Pili, juhudi na fedha zielekezwe kule kosa linakozaliwa, hata kama huko ni kugumu na hakuna picha nzuri ya kuonyesha. Tatu, abaki daima mtu mwenye jina na uso, anayeweza kuulizwa, na anayeweza kujibu, "Nimekosa."

Juma hili, kabla ya kumpima jirani, mke, mume, mtoto au mfanyakazi kwa hesabu zetu zilizonyooka, tujiulize kwanza: mpira huu uliwekwa hapa na nani, naye aliona nini? Huenda tukakuta mguu uliosimama pale ni wetu.

Bwana atujalie macho ya kweli na ulimi wa kukiri. Tuombeane. Jumapili njema.